Kama Ilivyochorwa

Mwanahija alikuwa anapiga msasa ubavu wa boti ya watalii katika karakana yake ya Kilwa Masoko, uso umejaa vumbi jeupe la faiba, Ignatius alipoingia na bomba refu la plastiki kwapani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Alizima mashine, akavua barakoa. Walikuwa hawajaonana tangu arobaini ya mdogo wake Mfaume, mwaka mmoja na miezi miwili nyuma.

"Nimekuletea kazi, dada. Kazi ya heshima." Ignatius alitoa karatasi ndani ya bomba, akazitandaza mezani, akazikandamiza pembe zake kwa makopo ya resini, ile gundi ya faiba.

Mwanahija aliinama kutazama. Ilikuwa ndege ya kivita, ile aina nyepesi ya injini moja. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa chini ya tumbo. Mabawa hayakubandikwa ubavuni kama ya ndege za abiria. Yalianzia mbali kwenye shingo na kuyeyuka ndani ya kiwiliwili, usijue bawa limeanzia wapi. Chini ya mabawa kulikuwa na vishikizo sita vya kutundikia silaha. Mistari ilikuwa imechorwa upya kwa kompyuta, safi kabisa, na pembeni chini limeandikwa jina: Ignatius.

Mwanahija aliijua mistari yote. Alikuwa ameiona ikizaliwa mmoja mmoja kwenye daftari la bluu, kwa mkono wa Mfaume, ambao siku nyingine haukuweza kushika penseli.

"Umechora mwenyewe?" aliuliza.

"Miaka minne, dada. Usiku na mchana."

"Hongera," alisema Mwanahija, na akanawa mikono polepole kwenye ndoo ili asimtazame usoni.

Mfaume alikuwa mdogo wake wa pekee, amezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Alisoma sekondari Lindi, dawati moja na Ignatius, kijana wa Nyangamara aliyekuwa hodari wa maneno. Baada ya shule Ignatius alibaki Lindi, akanunua droni, akawa mpiga picha wa harusi. Mfaume alirudi nyumbani Masoko kwa sababu maumivu ya mifupa hayakumruhusu kuishi mbali na mama yake. Alitengeneza simu barazani, na muda uliobaki alisoma habari za ndege za kivita nyepesi. Hakupenda zile kubwa za injini mbili. "Hizo ni malori," alikuwa akisema. Alipenda ndogo, ambayo asubuhi inapigana na ndege nyingine angani, mchana inabadilishiwa mizigo chini ya mabawa na kwenda kupiga daraja, jioni inatundikiwa kamera na kwenda kupeleleza. Ndege moja, rubani mmoja, kazi zote.

"Vita na nani, mwanangu?" mama yao, Bi Batuli, aliwahi kumuuliza.

"Na hakuna mtu, mama. Ni uzuri wake tu."

Kwa miaka mitatu Mfaume alichora ndege yake mwenyewe, ya mita moja na nusu, ya kuendeshwa kwa rimoti, na badala ya injini ya mafuta akaiwekea feni ya umeme tumboni. Mwanahija ndiye aliyeijenga. Alikuwa fundi wa boti za faiba, na mikono yake ilijua kulaza kitambaa chembamba hadi unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Waliijenga mara tatu. Ya kwanza na ya pili zilipanda kama urefu wa mnazi, zikainua pua, zikajipindua kwa nyuma na kuanguka.

Hazikuanguka kwa makosa ya mchoro. Mfaume alimweleza dada yake sababu kwa kulaza rula juu ya kidole. Ndege ya kawaida, alisema, uzito wake unakaa mbele kidogo, kwa hiyo ukiinua pua inataka kurudi yenyewe. Ni tulivu, lakini ni nzito kugeuka. Ndege ya kivita uzito wake unasogezwa nyuma makusudi. Haitaki kutulia. Ukiigusa tu imeshageuka. Ndiyo inampiga adui kabla hajajua. Lakini hakuna binadamu mwenye mkono wa kuishikilia. Lazima kuwe na kompyuta ndani yake inayorekebisha mara mia kwa sekunde.

Kwa hiyo Mfaume alitengeneza kompyuta yake, kibao kidogo kama kiberiti, akakiandikia programu kwa miezi saba. Kwenye mchoro alikiwekea mraba mdogo nyuma ya kiti cha rubani, na ndani ya mraba akaandika "Bi Mkubwa". Alikiita hivyo kwa sababu ya mama yake. "Kila ninachotaka kufanya ananirekebisha," alisema, "na ndiyo maana sijafa."

Ndege ya tatu, yenye Bi Mkubwa ndani, iliruka. Iliruka kwenye uwanja wa mpira wa zamani, ikazunguka mara nne, ikageuka kwa ubavu kama mwewe. Mfaume alikaa kwenye kiti cha plastiki na rimoti mapajani, analia na kucheka. Siku kumi na tisa baadaye alilazwa, na hakurudi. Ndege ile Mwanahija aliifunga kwa shuka, akaisimamisha chumbani kwa marehemu.

Siku ya arobaini Ignatius alikuja kutoka Lindi. Alikaa mkekani na wanaume, akala pilau, akalia machozi ya kweli. Kabla ya kuondoka alimwomba Bi Batuli kitu cha kumkumbukia rafiki yake. Bi Batuli aliingia ndani, akamletea daftari la bluu kwa mikono yake miwili.

Daftari hilo sasa lilikuwa mbele ya Mwanahija, limegeuzwa karatasi safi.

"Ni maonyesho ya ubunifu pale Lindi, mwezi ujao," Ignatius alieleza. "Majaji wanatoka chuo cha ufundi wa ndege. Atakayeshinda anapelekwa kusoma. Ninahitaji mwili wa ndege, na faiba nyembamba namna hii hakuna anayeiweza kutoka hapa mpaka Mtama ila wewe."

Mwanahija alielewa. Huyu hakujua. Alidhani Mfaume alichora tu kitandani. Hakujua kwamba zimejengwa tatu, wala nani alizijenga.

Angeweza kumfukuza hapo hapo. Angeweza kwenda chumbani akaleta ndege ya tatu na daftari la pili, lile lenye programu. Kisha jicho lake likaangukia mraba mdogo nyuma ya kiti cha rubani. Aliyenakili kwa kompyuta alikuwa ameunakili pamoja na maandishi yake.

"Hapa pameandikwa Bi Mkubwa," alisema, akiweka kidole. "Ni nini hii?"

Ignatius aliinama, akatazama, akatabasamu. "Aa, hiyo. Hiyo ni heshima kwa mama yangu mzazi. Utapaandika jina hilo kwa rangi, hapo hapo, juu."

Mwanahija aliondoa kidole pale, akakipeleka mkiani.

"Na betri ikae huku nyuma kabisa, kama ilivyochorwa? Haitakuwa nzito mkiani?"

"Kama ilivyochorwa."

"Hutaki nisogeze mbele kidogo?"

"Dada Mwanahija," Ignatius alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "usibadilishe hata milimita moja. Nimepiga hesabu zote. Wewe jenga mwili, ndege niachie mimi."

"Sawa," alisema. "Kama ilivyochorwa."

Jioni ile alimweleza mama yake. Bi Batuli alikuwa anachambua mchele barazani, na mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Nilimpa mwenyewe," alisema. "Sasa tutamshitaki kwa nani? Atasema alipewa, na kweli alipewa."

"Sina haja ya kumshitaki, mama. Nitamjengea."

Bi Batuli alimtazama binti yake sana. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Kwa wiki tatu alijenga, na hakuwahi kujenga kitu kwa uangalifu kama ule. Alitengeneza upya moldi ya kutolea umbo. Alilaza kitambaa tabaka mbili tu, akakamua resini ya ziada hadi tone la mwisho, akapiga msasa wa maji mpaka ngozi ya ndege ikawa laini kama yai. Alitaka isiwe na kosa lolote la mkono wake, ili itakapoanguka pasiwe na pa kusingizia. Usiku alilala vizuri. Mchana, akiwa peke yake, aliongea na Ignatius ambaye hakuwepo. Alimwambia, paa. Paa juu kabisa, watu wote wakuone. Mwisho aliandika kwa rangi nyekundu nyuma ya kioo cha rubani: Bi Mkubwa.

Siku ya maonyesho alisafiri hadi Lindi, akavaa baibui mpya. Ignatius alimtambulisha kwa watu kama "fundi wangu". Aliongea na majaji kwa ufasaha; alisema ndege nyepesi ni ndege ya nchi maskini, kwa sababu moja inafanya kazi za nne. Hayo yalikuwa maneno ya Mfaume neno kwa neno, kutoka ukurasa wa tisa wa daftari la bluu. Jaji mkuu, mhandisi Brigita, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliizunguka ndege mara mbili. Aligusa mabawa kwa kidole kimoja.

"Kazi ya mkono hii ni safi sana," alisema. "Umeshairusha?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, mhandisi. Lakini nimerusha droni miaka sita, mkono umezoea."

Mwanahija alikuwa nyuma yao. Alijua kwamba droni ya harusi ina kompyuta yake ndani, inajishikilia yenyewe hata ukiachia vidole, na kwamba Ignatius miaka yote sita hakuwahi kujiuliza ni nani anayeishikilia.

Walisogea kwenye njia ya lami iliyopita kati ya mabanda. Ignatius aliwasha feni, ndege ikaimba, ikakimbia, ikanyanyuka. Watu wakapiga makofi. Ilipanda kwa uzuri ambao ulimchoma Mwanahija, kwa sababu lilikuwa umbo lile lile, mgeuko ule ule wa mabawa dhidi ya anga. Kisha Ignatius akaigusa kidogo ili igeuke.

Pua iliinuka. Ikaendelea kuinuka. Ignatius alisukuma kijiti cha rimoti mbele, ndege ikapinduka kwa nyuma, tumbo juu, ikajizungusha kama karatasi, na badala ya kushuka penye uwazi kama zilivyofanya zile mbili za uwanjani Masoko, ikashika upepo wa baharini na kukata kwenda kulia. Kulia kulikuwa na mstari wa wanafunzi wa shule ya msingi, wamekaa chini na sare zao.

Ilijipiga ardhini hatua chache mbele yao. Kipande cha bawa kiliruka juu ya vichwa vya mstari wa kwanza, kikagonga banda. Hakuna aliyeumia. Mwalimu wao alikuwa tayari amesimama, mikono imenyooshwa, na alibaki amesimama hivyo.

Mwanahija alikaa chini palepale alipokuwa. Hilo hakulipigia hesabu. Aliwaza kila kitu kuhusu kuanguka kwa Ignatius, na hakuwaza ndege itaangukia wapi.

Alipoinuka, mhandisi Brigita alikuwa amechuchumaa kwenye mabaki, amepima kwa vidole mahali uzito wa ndege unapolingana. Watu walikuwa wamejaa.

"Betri iko nyuma mno," mhandisi alisema, bila ukali. "Hii isingeweza kuruka hata siku moja. Mchoro ni mbovu kuanzia msingi. Aliyechora amependa sura ya ndege ya kivita, lakini hajui inavyoruka."

Mwanahija alikuwa amesubiri maneno hayo wiki tatu. Yalipofika hayakumfikia Ignatius. Yalimpita, yakaenda kumpiga Mfaume kaburini. Na kabla hajavuta pumzi, Ignatius akaongea.

"Mhandisi, acha niseme ukweli." Jasho lilikuwa linamtoka, na sauti imekuwa ya huzuni. "Mchoro huu si wangu. Ulikuwa wa rafiki yangu, marehemu, alikuwa mgonjwa. Nilitaka kumuenzi tu. Nilimwamini kwamba alipiga hesabu vizuri. Kumbe hakuwa anajua."

Watu waliguna kwa kumhurumia. Mtu mmoja akamshika bega.

Mwanahija alisukuma watu mpaka mbele.

"Rafiki yako alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

Ignatius alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Taja jina lake."

"Mfaume."

"Mfaume ni mdogo wangu, tumbo moja," Mwanahija alimwambia mhandisi. "Alichora betri nyuma makusudi. Ndani ilitakiwa kuwe na kompyuta ya kuishikilia. Imo kwenye mchoro, mahali pake pameandikwa. Huyu nilimuuliza ni nini. Akaniambia nipaandike jina la mama yake kwa rangi." Aliinama, akaokota kipande cha shingo ya ndege, akakigeuza maandishi mekundu yaonekane. "Haya hapa. Mwambie akusomee, akueleze."

Kisha kijana mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa. Ignatius alitazama chini. Mwanahija alimwangalia akitazama chini, na alipata ladha ile aliyokuwa ameitamani, tamu kweli, mpaka kwenye meno.

Mhandisi Brigita hakucheka. "Ulijua itaanguka?"

"Nilijua."

"Na ukaijenga."

"Niliijenga kama ilivyochorwa. Nilimuuliza mara tatu."

"Kulikuwa na watoto pale."

Mwanahija aligeuka kuwatazama. Mhandisi alivua miwani yake. "Nyote wawili mtaondoka kwenye maonyesho haya. Yeye kwa wizi. Wewe unajua kwa nini." Alianza kwenda, akarudi. "Hiyo kompyuta. Iliwahi kufanya kazi?"

"Iliruka mizunguko minne, mhandisi. Nina daftari lake."

"Basi mchoro haukuwa mbovu," alisema mhandisi Brigita, kwa sauti ya kutosha watu kusikia. "Nafuta nilivyosema."

Kabla ya kutoka uwanjani Mwanahija alimfuata yule mwalimu, akamwomba radhi. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Nimekusikia," akageuka kuhesabu wanafunzi wake kwa mara nyingine.

Yaliyompata Ignatius baada ya hapo Mwanahija hakuyapanga, lakini hakuyahuzunikia. Video ilizunguka kwenye simu za Lindi nzima. Vijana wa stendi walimbandika jina la Bi Mkubwa, na likamganda. Alipokwenda kupiga picha harusi, wageni walimwita kwa jina hilo wakati bibi harusi anaingia, hadi watu wakaacha kumwita kwenye shughuli. Akahamia Mtama. Jina likamfuata Mtama.

Miezi sita baadaye alikuja Masoko. Alikuwa amekonda. Bi Batuli alikuwa amemletea binti yake chakula karakanani, kwa hiyo aliwakuta wote wawili. Aliwasalimu, akatoa daftari la bluu kwenye begi, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kwako mama, na kwako dada."

Bi Batuli alifungua daftari, akapitisha kidole juu ya mwandiko wa mwanawe. "Nataka kujua jambo moja," alisema. "Siku ile nilipokupa, ulikuwa umeshakusudia?"

Ignatius alilitazama daftari. "Hapana, mama. Siku ile nililitaka kwa kumkumbuka yeye, wallahi." Alikuwa Mkristo, na kiapo kile alikizoea kwa Mfaume. "Nilikusudia baadaye. Nilipoona hakuna mtu anayeliulizia."

"Umesema kweli," alisema Bi Batuli. "Basi la kwangu nimekusamehe."

Ignatius alimgeukia Mwanahija. Mwanahija alikuwa ameshika brashi, resini imekwisha changanywa ndani ya kopo na haingemsubiri mtu.

"Ungeniibia mimi ningekusamehe," alisema. "Hata hilo jina lako kwenye karatasi ningelisamehe siku moja. Lakini ulisimama mbele ya watu ukasema hakuwa anajua. Alikuwa hawezi kunyanyuka, mimi namshikia daftari, yeye anahesabu. Ukasema hakuwa anajua."

"Niliogopa, dada."

"Najua uliogopa."

"Sasa unanijibuje?"

"Sijakusamehe. Nenda salama."

Ignatius aliaga, akatoka nje juani. Mwanahija alichovya brashi, akaanza kulaza kitambaa kwenye tumbo la boti, haraka, kabla resini haijakamata. Mama yake alibaki amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani.

"Jambo hili utalibeba moyoni mpaka lini, Mwanahija?"

"Sijui, mama." Alikamua povu la hewa kutoka chini ya kitambaa kwa ncha ya brashi. "Halijanilemea bado."